Dari Lako Bado Liko Juu

Shikamoo Baba,

Kaka anayekusomea barua hii asiruke neno: dari la sebuleni alilotaka tulibomoe, nimeliokoa! Paa lilivuja, plasta iliyopenya kati ya fito na kushika kwa juu ikakatika, dari likashuka kama tumbo la mlafi. Nimeziba paa kwanza, nikalisukuma dari juu taratibu kwa mbao, nikalikaza kwenye fito kwa skrubu zenye washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu, nikapaka plasta mpya. Mama akasema, "Mkono wa babako huo." Nikavimba kichwa.

Tangu macho yako yaingie giza, umehamia kwa Kaka, unasema nyumbani huna kazi tena. Nani alinifundisha kugonga dari na kusikiliza wapi plasta imeachia? Nimeligonga lote, isipokuwa pembe ya dirishani. Hiyo inakusubiri wewe.

Bintiyo, fundi