Mkono wa Baba Kwenye Kuta

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Mji mkubwa, kelele tupu. Gesti yenyewe ni kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta.

Mama tumemzika wiki iliyopita na mumewe hajui. Simu ya baba haipatikani tangu mwaka jana. Anwani hatuna. Tulipotoka makaburini shangazi, dada yake baba, alikata shauri: habari kama hii asipelekewe na mtu baki, aende kifungua mimba. Basi nimefunga bucha, wateja wanung'unike. Tunachojua ni kazi yake tu—anaandika mabango ya maduka kwa brashi. Ramani sina, simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Nitazunguka kwa miguu.

Nina hasira naye. Acha niandike hivyo hivyo. Mama aliaga dunia akiuliza kama geti limelia.

Jumanne, 5 Machi

Nimepotea mpaka nimechoka kupotea. Kila kona duka la dawa, mbele yake benki—nadhani nimerudi nilikotoka, kumbe wapi! Muuza magazeti kanielekeza kwa kidevu. Kidevu!

Jioni, saluni moja. NYWELE NA KUCHA. Nikasimama kama niliyepigwa shoti. Kivuli cha herufi kiko kushoto. Wenzake wote hukiweka kulia. Baba hutumia mkono wa kushoto na haambiliki. Ni yeye! Rangi imepauka, imebambuka pembeni. Chini kuna namba yake, ile ile isiyopatikana. Msusi anasema bango alilikuta, hajui ni la lini. Nimeligusa mbele za watu. Sikuona haya.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikuandika, miguu imevimba. Lakini nimepata mtindo: bango lililopauka nalipita, lenye rangi mpya nafuata upande huo. Nimevuka reli. Kinyozi, zahanati, matairi—rangi inazidi kung'aa.

Ila herufi zinalegea. Mstari unapanda, unashuka. Baba huyu aliyetupiga vidole kwa rula kwa ajili ya mstari uliopinda!

Muuza matairi anamjua. Kasema mzee ni mcheshi, ila macho yamechoka, siku hizi anausogelea ukuta mpaka anajipaka rangi puani. Simu ilimdondokea kwenye debe la rangi, hajanunua nyingine. Wiki hii ana kazi karibu na soko la mbao. Na kila siku anamtaja mkewe, kwamba mwaka huu lazima arudi, amemsubirisha vya kutosha.

Hilo limenikata maini. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno makali. Nimejaribu kuyapanga upya, hayapangiki.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimekaa kwenye rundo la mbao, nje ya duka la vitanda. Baba yuko juu ya ngazi.

Nilimwona mgongo kwanza. Shati limemzidi. Nikaita. Akageuka, akafinya macho, akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Mchinja ng'ombe wangu! Nani kakuelekeza huku?"

Nikasema mabango yako, baba. Alivyofurahi! Akampigia kelele mwenye duka aje amwone kifungua mimba wake. Hasira yangu sijui imekwenda wapi. Naihitaji, ingenisaidia kusema.

Halafu akauliza mama hajambo. Lori lilikuwa linapita, nikajifanya sijasikia. Nikamwambia shuka kwanza, baba, tuzungumze. Hataki. Eti rangi itamkaukia kwenye brashi, herufi zenyewe zimebaki chache, akishuka hapandi tena leo, magoti yanamsumbua.

Mwenye duka kaniletea chai. Siinywi. Nimekanyaga kidato cha chini ngazi isiteleze. Baba anapiga mluzi. VITANDA NA MAGODO—ndipo alipofika. Pua imegusa ukuta kweli.

Ameuliza tena, kwa sauti zaidi, mama yenu anaendeleaje. Safari hii hakuna lori.