Ndege ya Somoe

Jumatatu, 12 Mei. Ruangwa
Asubuhi Namungo, kwa wachimbaji wadogo. Ugomvi wa mpaka kati ya mashimo mawili, wa tatu mwezi huu. Nimesikiliza pande zote, nimepima kwa hatua, nimeandika. Mchana studio ya redio, kukata sauti. Wali maharage.

Saa tisa simu kutoka Kilimarondo. Somoe, tuliyesoma naye darasa moja. Mwaka jana tembo walimwachia mabua matupu. Mwaka huu wakila tena anahama, anakwenda kuishi kwa mwanawe Nachingwea mjini. Vyombo ameshavitia kwenye kiroba. Sasa kuna mradi umeleta droni ya kufukuza tembo, na wanaanzia shambani kwake.
"Njoo uone, Selemani. Si wewe uliyecheka?"
Ndiyo. Nilicheka.

Jumanne, 13 Mei
Nimeomba siku nne. Mhariri amekubali, anataka sauti nzuri ya redioni.

Tulikuwa darasa la tano. Mwalimu aliandika ubaoni: Kilimarondo mwaka elfu mbili. Kila mtoto ataje kitu kimoja. Mmoja alitaja umeme, mwingine treni. Mimi nilisema gari linaloruka, nikapigiwa makofi. Somoe akasema ndege ndogo isiyo na mtu ndani, ya kufukuza tembo. Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Akaitwa Somoe Ndege hadi tunamaliza la saba.

Hali ilivyo leo. Treni hakuna. Umeme upo, siku nyingine. Gari langu halijaruka. Ndege imekuja, kwa kuchelewa robo karne.
Nimekagua kinasa sauti mara tatu. Sina kawaida hiyo.

Jumatano, 14 Mei. Kilimarondo
Pikipiki kutoka Ruangwa, chai Nachingwea, kisha vumbi mpaka hapa. Pancha moja.

Nimeiona. Nyeupe, ndogo kuliko ungo, panga nne. Ikiruka inavuma kama mzinga uliochokozwa. Nywele za mikono zilinisimama. Nimeripoti mambo mengi na hilo halijanitokea.

Anayeirusha ni Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Mzee Chitanda, jirani wa Somoe, hakufurahi.
"Ng'ombe zenu zimemaliza mbaazi zangu, leo mnaniletea na ndege?"
"Ndege haili mbaazi, babu."
Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Mahindi ya Somoe yamekauka vizuri. Ekari mbili. Anavuna Jumamosi. Zimebaki jioni mbili.

Alhamisi, 15 Mei
Imeshindikana. Naandika ilivyokuwa.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Tembo saba kwenye ukingo wa shamba. Kabula akairusha. Wakasikia, masikio yakafunguka, wakageuka kuelekea mtoni, ambako ndiko msitu uliko. Nilipiga kelele ya furaha. Ni kweli, nilipiga.

Mashamba ya Chitanda na wenzake yako upande huohuo, kabla ya kufika mtoni. Wakatoka na madebe, masufuria, kengele ya shule. Ndivyo inavyofanyika hapa: tembo wakionekana, kila mtu anapiga alichonacho pale alipo. Walitaka kusaidia. Tembo wakakuta kelele mbele, ndege nyuma. Wakarudi. Wakaingia katikati ya mahindi. Betri ikaisha.

Robo ya shamba imelala. Somoe hakulia wala hakugombana na mtu. Aliokota magunzi yaliyopondwa akayatupa pembeni.
"Kesho wakiingia tena, sivuni. Naondoka."

Nina hasira. Sijui na nani.

Ijumaa, 16 Mei
Asubuhi Kabula amepita nyumba kwa nyumba. Ombi moja: leo msipige chochote. Chitanda alimtazama kama aliyetukanwa.
"Tembo wale mahindi, mimi nimekaa kimya?"
"Babu, wewe una mbuzi. Ukitaka watoke zizini, unasimama mlangoni?"
Mzee akafikiri.
"Unawaachia mlango."
"Basi mto ndio mlango wao."
Akainuka. Alikwenda kuwatangazia wenzake yeye mwenyewe, kwa Kimwera, kwa ukali.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Walewale saba. Nikawasha kinasa sauti. Kabula hakuirusha juu yao. Aliipeleka mbali, pembeni, polepole, anavyozunguka mchungaji. Kijiji kizima kimya. Nilitazama upande wa mto: Chitanda amegeuza debe lake na kulikalia, mikono ameikunja kwapani.

Jike kubwa lilisimama. Likainua mkonga. Kisha likaanza kutembea, wengine nyuma yake kwa mstari, wakapita kando ya shamba, wakateremka mtoni, wakavuka. Dakika kumi na moja. Hakuna bua hata moja lililovunjika.

Nimeona tulichokicheka utotoni kikitokea mbele ya macho yangu. Siwezi kuandika vizuri leo.
Kosa moja katika ndoto ya Somoe: alidhani ndege haitahitaji mtu. Ilimhitaji mchungaji. Ilituhitaji na sisi sote tulionyamaza.

Jumamosi, 17 Mei
Kuvuna. Nimebeba viroba mpaka mgongo umekataa. Somoe amevitoa vyombo kwenye kile kiroba, akatia mahindi. Chitanda amemuuliza Kabula kama ndege inaweza kulinda mbaazi dhidi ya ng'ombe. Kabula amesema inaweza, hata dhidi ya ng'ombe za baba yake.
Wakati naondoka Somoe aliuliza gari langu linaloruka nimeliegesha wapi. Nilikuwa naziba pancha.

Jumanne, 20 Mei. Ruangwa
Mvua kidogo. Studio.
Mhariri amesikiliza rekodi ya Ijumaa, akauliza sauti iko wapi. Nimemwambia ndiyo hiyo. Amenipa dakika moja hewani, nichague ipi.
Nimesikiliza zote kumi na moja. Mvumo wa ndege, mbali. Upepo kwenye mabua. Dakika ya tisa, tembo wakiwa majini, karibu yangu anasikika mtu akicheka taratibu, peke yake. Somoe.
Nimechagua hiyo.