Ratiba ya Basi la Shiling

Swalha upo? Nimejifungia chooni.

Leo si tunamuaga Dalila, anarudi Dar baada ya miaka yote hii Guangzhou? Basi mume wangu kasimama mbele za watu, kamsifu kwa ile ratiba ya kipupwe, ya basi tulilokuwa tunakodi kwenda Shiling kununua mikoba. Ya mwaka 98!

Shoga, ratiba ile niliipanga MIMI!

Mimi ndiye niliyesimama sokoni Zhanxi na baridi ile, namuuliza kila mfanyabiashara anataka kuondoka saa ngapi. Mimi ndiye niliyeitoa safari alfajiri nikaipeleka saa mbili, ukungu ukishapungua.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti, "Burhani, ni mimi!"

Dalila mwenyewe akasema, "Kweli, ni Hidaya. Mimi nilibandika tu karatasi mlangoni mwa basi."

Ningeridhika hapo, wallahi. Lakini Burhani akacheka, eti, "Nisamehe mke wangu. Kila zuri la mwaka ule nalikumbuka kwa sura ya Dalila."

Kwa sura ya Dalila!!

Swalha, mwaka 98 ndio alionioa.