Yai Lako Nimelifunga kwa Pamba

Nyumbani, Jumamosi, kesho Jumapili ya Matawi

Kaka yangu mpendwa Lorenz,

Pokea salamu zangu za dhati, nikitumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Ingvild, na kwamba baridi ya huko Bergen imeanza kulegea. Sisi huku hatujambo kiasi. Mume wangu Udo kiuno bado kinamsumbua, ila mdomo wake mzima. Anasema nikuulize kama huko samaki ndiyo chai ya asubuhi. Mama naye anakusalimu sana, anauliza kama una koti zito. Kiboksi kilichokuja na barua hii tafadhali usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho, ndugu yangu, hata kama utakasirika katikati.

Mti wa Pasaka tumeshaupamba kwa maganda yetu ya mayai ya kuchora. Nilikata mapema matawi ya mcheri ule wa nyuma ya ghala, nikayatia kwenye mtungi wa bibi na maji ya uvuguvugu, nikauweka sebuleni karibu na dirisha. Safari hii yamekubali haraka, maua yametoka meupe pee. Jumapili iliyopita Mama akasema tuanze. Si unamjua, hakuna ruhusa ya kutundika yai kabla yake. Ya marehemu Baba juu kabisa, lako upande wa dirisha, langu chini yake, la Udo nyuma, maana Mama anasema linatia aibu nyumba.

Bibi Kretschmar, jirani yetu, alikuja kuangalia, na kama kawaida yake akaanza uchokozi, eti mwaka huu Mama amechora kwa macho ya kizee. Mama akamjibu kwamba mayai yake yeye Kretschmar, hata kuku aliyeyataga angeyakana. Tulicheka mpaka basi. Ndipo Mama akachukua yai jipya, alilolihangaikia wiki nzima kwa nta na rangi, maua madogo madogo ya buluu, akalitundika. Tawi likainama. Nikashangaa, maana ganda tupu halina uzito. Kabla sijasema neno uzi ukateleza, yai likaanguka kwenye zulia, kiini kikatapakaa.

Lorenz, lilikuwa bichi. Hakuwa amelipuliza. Mama yetu huyu, aliyewafundisha wanawake wa kijiji kizima kutoboa yai pande mbili kwa sindano na kulipuliza mpaka libaki ganda tupu! Aliyetulisha mayai ya kukaanga kila Pasaka ikikaribia, mpaka tukayachukia! Bibi Kretschmar alicheka, akadhani ni mzaha. Kisha akauona uso wa Mama, akaenda jikoni kutafuta kitambaa. Mama alikuwa analitazama zulia, anauliza ni nani aliyetia kitu ndani ya yai lake. Nikayainua na mengine aliyoyachora mwaka huu, moja moja. Yote yalikuwa mazito.

Daktari alimwona Jumatano. Anasema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haukuanza leo, ila Mama alikuwa anauficha. Dawa ya kuurudisha nyuma hakuna. Nililia ndani ya gari kama mtoto, Udo amenishika mkono.

Najua unachokisubiri. Pasaka ile mliyokuja na Ingvild, alipochora yai lake la kwanza, Mama alimrudishia mkononi mbele yetu sote, akasema mti huu ni wa watu wa nyumba hii. Na la Udo, mkwe mwenzake, lilikuwa linaning'inia palepale! Mliondoka kabla ya chakula, wala sikukulaumu. Tangu siku hiyo umesema hukanyagi hapa mpaka amwombe mkeo radhi. Una haki. Nilimwambia Mama hivyo mara nyingi, naye akawa ananijibu kwamba nyie wawili ukaidi mmeutoa kwa baba yenu. Sasa nakuambia kwa uchungu: radhi hiyo haitakuja. Juzi nilimkumbusha siku ile. Akaniuliza Ingvild ni nani.

Na sasa niseme lile lililonifanya nianze barua hii na kuichana, nianze tena. Salamu za Mama nilizokuandikia hapo juu ni za kwangu. Hakuzituma. Alhamisi nilimkuta amesimama mbele ya mti, ameshika lile yai lako la jogoo wa kijani, ulilochora kabla hujaanza shule, jogoo mwenye miguu mitatu. Akaniuliza ni la mtoto wa nani. Nikamwambia ni la Lorenz, mwanao. Akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mgeni, akasema yeye ana binti mmoja tu. Kisha akalishusha taratibu, akanikabidhi. Alisema si vizuri kutundika yai la mtoto wa watu, mama yake atakuwa analitafuta, kwa hiyo nilirudishe kwao kabla ya Pasaka.

Ndilo hilo lililomo kwenye kiboksi. Nimelifunga kwa pamba. Nimemtii kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Lakini usilikalishe huko, kaka. Lilete. Na wifi, kama hakulitupa la kwake, umwombe kwa heshima zote alilete pia. Mimi mwenyewe nitampigia magoti kwa niaba ya Mama. Pale upande wa dirisha pako wazi, sikutundika kitu. Ukifika usimwambie kwamba wewe ni mwanawe, atakataa, nawe utaumia. Mpe tu hilo yai mkononi. Akikuuliza unamtafuta nani, mwambie unamtafuta mama wa mtoto aliyelichora.

Wanaokusalimu ni Udo, Bibi Kretschmar na mimi. Za Mama safari hii siandiki.

Mdogo wako akupendaye,
Gesine