Simu Zinazodhani Ziko Ng'ambo

Mama mshauri, shikamoo. Nina miaka kumi na sita, ni msichana, na hii ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika nje ya mtihani, kwa hiyo naomba unisaidie na unisamehe nikizunguka, maana kwangu mimi kusema ni shida, darasani mwalimu akiniuliza swali jibu ninalo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili lakini yote mawili yananikwama hapa kooni, na wenzangu wameshazoea, wananiita Kimya.

Mama yangu ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja kando ya barabara, cherehani tatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na kigoda cha kupanda wateja anapowapima pindo, na shida yake ilikuwa kwamba wateja siku hizi hawaji na kitambaa na maelezo, wanakuja na picha kwenye simu, gauni la ajabu lenye mgongo wazi na mikono iliyovimba kama puto, "mama nataka hivihivi," na maelezo ya kulikata yako kwa Kiingereza, kwa hiyo jioni nikawa namtafsiria, na kuna maneno ya ushonaji ambayo shuleni hawayafundishi, nikawa nabahatisha, mpaka siku moja akakata hariri ya mteja kwa kubahatisha kwangu na ikaharibika yote. Hakunigombeza. Ndiyo ikaniuma zaidi.

Hapo nikasikia habari za ile programu ya akili mnemba, unaionyesha picha, unaiuliza kwa Kiswahili, inakujibu kwa Kiswahili. Nikaitafuta kwenye duka la programu la simu ya mama, likaniambia haipatikani katika nchi yako. Mama mshauri, sijui kwa nini iliniingia namna ile, kama mtu amekufungia mlango huku anakuchungulia dirishani. Nikakaa nayo wikendi nzima. Nikaweka programu ya kuficha mahali simu ilipo, nikabadilisha nchi kwenye akaunti, ikakataa, nikafuta kumbukumbu za lile duka, nikazima, nikawasha, na mara kitufe hicho hapo, pakua! Nilipiga kelele. Mimi! Mama alikuja mbio akidhani nimeungua na pasi.

Sasa ungemwona mama. Anaipiga picha nguo, anaisalimia kabisa, "Hujambo mwanangu, hebu niambie huu mkono umekatwaje," na ikimjibu anaiambia ahsante, na siku ilipokosea kipimo cha kwapa aliisema kama anavyowasema mafundi wake, "Kwapa gani hilo, la kuku? Rudia!" Ikarudia. Mafundi walicheka mpaka mmoja akajidunga sindano. Na kila mteja anayepanda kigoda anaambiwa, "Hii huku kwetu wamekataa kuileta. Kaileta binti yangu. Yule pale, anayejificha nyuma ya vitambaa." Wakaanza kuniita Injinia. Wakaanza kuniletea simu zao, muuza maua, kinyozi wa mlango wa pili, mwalimu wa chekechea, nesi, na mimi nachukua simu, naenda nayo nyuma, narudi nayo imekubali, wala sisemi nimefanya nini, kwa sababu kusema ndiko kunakonishinda na pia, nisifiche, nilipenda walivyoiona kama uchawi. Mama mshauri, najua barua za ukurasa huu huwa za majuto, lakini miezi ile nilipita barabarani nimenyoosha shingo, na hata sasa sina hakika kama naijutia.

Tatizo ni nesi. Anapita nyumba kwa nyumba kuchanja watoto wachanga, na kila chanjo anaijaza kwenye programu ya kazini. Wiki iliyopita programu hiyo ikadai toleo jipya, akabonyeza, duka likamwambia haipatikani katika nchi yako, kwa sababu linadhani simu yake iko ng'ambo, na aliyelidanganya ni mimi. Nimesoma kwamba ukishabadilisha nchi huruhusiwi kuibadilisha tena mpaka mwaka upite. Sikujua hilo. Akaja na sare yake, jasho linamtiririka, akanipa simu. "Injinia, niokoe. Bosi kasema isipofunguka mpaka Ijumaa ya wiki ijayo ananitoa kwenye nyumba za watu, ananiweka dirishani nigawe kadi. Mimi na dirisha wapi na wapi?" Nikaishika, nikaelewa palepale. Nikasema, "Ni mtandao." Na mama, bila kutoa mguu kwenye cherehani, akadakia, "Simu yako imechoka, dada. Mwanangu hakosei." Nesi naye akaitikia, "Kweli, Injinia hakosei," akaenda zake.

Nikisema, simu zote zile zitarudi mlangoni, na mama ataonekana alikuwa anamsifia mharibifu mbele ya barabara nzima. Nikinyamaza, nesi anakwenda dirishani. Mama anakusoma kila Jumamosi, anakusoma kwa sauti mafundi wakishona. Nifanyeje?

Wako, Kimya.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ugomvi ili tuumalize.

Hilo la mama yako kunisoma kwa sauti hukuliandika kwa bahati mbaya. Ulitaka mimi niseme, mama asome, mafundi wasikie, nesi apate habari, na wewe uwe umetulia nyuma ya vitambaa. Kazi hiyo siifanyi. Jibu hili nakutumia leo Jumanne kwa barua pepe uliyoniandikia, na Jumamosi linatoka gazetini. Fundi cherehani mwenye binti wa namna yako hatahitaji kutajiwa jina. Kwa hiyo mama atajua. Kilichobaki ni kuchagua atasikia kwako au kwangu.

Kelele uliyopiga siku ile usiijutie hata kidogo. Umemtoa mama yako kwenye kubahatisha, umehangaika wikendi nzima na mlango uliofungwa na watu wasiokujua, na umeufungua kwa akili yako. Ningekuwa mama yako, kila mteja wangu angechoka kusikia habari zako.

Lakini sikiliza. Makosa hayakuanzia kwenye simu ya mama. Yalianza ulipopokea simu ya mtu mwingine, ukaenda nayo nyuma na kuirudisha bila neno. Nesi hakujua simu yake imehamishwa nchi. Angejua, angekuambia, "Hii ina kazi yangu, iache." Ulimnyima nafasi hiyo kwa sababu uchawi ulikuwa mtamu. Na lile la "ni mtandao" usiniletee kama aibu ya mtoto asiyeweza kusema. Huo ni uongo, na ulitoka vizuri tu, kooni haukukwama.

Unaogopa mama ataaibika. Mama aliyeharibikiwa hariri ya mteja kwa sababu yako asikugombeze, huyo ndiye unayemwona mwepesi wa kuaibika? Leo jioni, mafundi wakishaondoka, mwambie, "Mama, simu ya nesi niliiharibu mimi, na nadhani naweza kuitengeneza." Ni maneno mafupi, yatapita. Akinyamaza, usiyaongezee visingizio. Akikugombeza safari hii, pokea.

Kuhusu simu yenyewe, nimemuuliza kijana wetu wa kompyuta. Amecheka, halafu amesema mtoto huyu ana kichwa. Anashauri hivi: ile programu ya kuficha mahali iondoe kwanza, tena kwenye simu zote ulizoiwekea, maana nyingi za bure zinachungulia mambo ya mwenye simu, na usipoiondoa hata akaunti mpya itadhani iko ng'ambo. Kisha ongeza akaunti ya pili kwenye simu ya nesi, ya hapahapa, bila kugusa ile ya zamani, na uingie dukani kwa hiyo mpya. Kwa kawaida programu ya kazini itaonekana. Isipoonekana, fuatana na nesi mpaka kwa bosi wake, na atakayeeleza ni wewe, siyo yeye.

Kesho asubuhi kabla ya shule umfuate nesi huko aliko, usingoje aje. Kaeni upande mmoja wa meza, simu katikati, na kila unachobonyeza kitaje kwa sauti. Ukikwama, pumua, endelea. Akisema ile akili mnemba ibaki, ibaki. Akisema itoke, itoe bila kununa. Muuza maua, kinyozi na mwalimu wafuate hivyohivyo, mmoja mmoja, na atakayekufokea ana haki yake. Ila nesi kwanza. Usinyanyuke kwenye kiti mpaka majina ya wachanga wake yafunguke mbele yenu wawili, kisha mpishe aende. Kuna nyumba zinamsubiri.