Mke na Mume wa Kuonyesha Nyumba

Cienfuegos, 9 Agosti

Kwako dada yangu Migdalia,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Arsenio pamoja na watoto, na baridi ya huko Montevideo iwe imeanza kuwahurumia. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilikusaidia, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo nitakueleza, ila nivumilie nianzie mbali. Nimeona niandike kwa mkono nimpe mtoto wa Zenaida, anayekuja huko wiki ijayo, maana haya siwezi kuyasema kwa simu huku mtandao unakatika kila ninapotaka kulia.

Nyumba imeuzwa. Najua hapo umeshapiga kelele na kumwita Arsenio. Tulia kwanza, dada, usome mpaka mwisho.

Hali yetu unaijua. Tangu mimi na Evelio tupeane talaka, miaka minne sasa, nyumba ilibaki ya wote wawili, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua nusu ya mwenzake. Tukalisukuma lile kabati la marehemu mama mpaka katikati ya sebule likawa ukuta. Yeye akakaa mbele na jiko lake dogo la umeme, mimi nyuma. Tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Talaka niliitaka mimi, na hilo pia unalijua. Mwanetu Yoel alipoondoka kwenda Hispania nyumba ilijaa ukimya, nami nikadhani ukimya ule umeletwa na Evelio peke yake.

Na kuuza, nani anunue? Mtaa mzima unaondoka. Vibao vya kuuza nyumba ni vingi kuliko watu wa kuvisoma. Majirani wanauza na kila kilichomo, friji, masufuria, mashuka, hata mbwa. Wanaobisha hodi wengi ni wauzaji wenzetu wanaotaka tubadilishane, nipe yako nikupe yangu, utadhani tukibadilishana ndipo tutakuwa tumeondoka. Tulishusha bei, tukaishusha tena, na kibao kikapauka kwa jua.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja kutoka Palmira, ana pesa na ana haraka. Alipenda ua, akapenda vigae vya sakafu. Kisha akaliona kabati limesimama katikati ya sebule na majiko mawili, akauliza kulikoni. Nikamwambia ukweli. Yule bibi alifanya ishara ya msalaba, akasema yeye hanunui nyumba ya watu walioachana kwa sababu ugomvi hubaki ukutani, akaondoka hata kahawa hakumaliza.

Zenaida, ambaye ndiye dalali wetu, alitugombeza kama watoto. "Nyie mna wazimu? Mtu anakuja kununua nyumba, mnamwonyesha talaka! Kuanzia leo akija mgeni nyinyi ni mke na mume. Nusu saa tu, shoga, hutakufa." Evelio alikuna kichwa, akasema yeye hana neno kama mimi sina neno.

Basi ndivyo tulivyoanza. Zenaida akituma habari kwamba mtu yuko njiani, tunalisukuma kabati mpaka ukutani, jiko lake linaingia uvunguni, mashati yake yanaingia kwenye nguo zangu. Mara ya kwanza alikaa kwenye kochi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mgeni akauliza tuna miaka mingapi kwenye ndoa, tukajibu kwa pamoja, kila mtu na idadi yake.

Lakini alizoea, dada, akaanza hata kunogesha. Aliwasimulia wageni jinsi tulivyojenga lile paa upya baada ya kimbunga, mimi nimebeba misumari kwenye aproni na mimba ya Yoel. Yalikuwa ya kweli yote, nami sikujua kama bado anayakumbuka. Alikuwa akiniita "mke wangu" na kunishika bega. Mara moja alimwambia mgeni, "Huyu unayemwona, akipika maharage meusi majirani wanakosa adabu," na mgeni akacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Wageni wakiondoka tulimalizia kahawa pamoja mlangoni, yake ya mgao wa serikali na yangu tumechanganya, tukiwateta. Kabati lilikuwa linachelewa kurudi mahali pake. Siku nyingine hakuna aliyelikumbuka mpaka jioni.

Wewe ulikuwa ukiniandikia, "Nereida, uza, uza hata kwa bei ya kuku, chukua nusu yako uje." Nami nikakujibu najitahidi, na kweli nilijitahidi kuliko wakati wowote. Nilikipaka kibao rangi upya. Niliitangaza nyumba kwenye foleni ya mkate, kwa daktari wa meno, kanisani. Nilimwomba Evelio tupunguze bei tena, akakubali. Ulinisifu kwamba hatimaye nimeamka. Kumbe mimi, dada, nilikuwa nataka wageni. Wanunuzi sikuwataka.

Mwezi wa saba, katikati ya joto, Zenaida alituletea mkulima wa vitunguu saumu kutoka Cumanayagua, kijana anaitwa Yunier, na mkewe Daimara, mjamzito wa miezi saba. Unajua vitunguu saumu vilivyo na pesa siku hizi. Daimara alizunguka nyumba yote akipapasa kuta. Mwishoni akamuuliza Evelio kwa nini tunauza nyumba nzuri namna hii. Jibu letu la siku zote lilikuwa kwamba tunamfuata mtoto Hispania. Siku hiyo hakulisema. Alinitazama, akasema, "Binti yangu, nyumba hii ni kubwa mno kwa wazee wawili. Nataka nimpeleke mke wangu mahali padogo, karibu na bahari, ambapo akiniita hata kwa sauti ya chini nitasikia."

Nilijidai naenda kuangalia kahawa. Huko jikoni nilishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Niliamini, dada. Niliamini ananiambia mimi, na wageni wale anawatumia tu kwa sababu ana haya.

Kesho yake sikukubali kabati lirudishwe. Nilibadilisha mayai kwa Zenaida nikapata kipande cha nguruwe, nikapika maharage, nikavaa lile gauni la kijani ulilonitumia. Niliazimia akiingia nimwambie tukiondoe kibao. Maneno nilikuwa nimeyapanga yote.

Evelio aliingia mbio, meno yote nje. Hata kabla sijafungua mdomo alinibeba juu, mimi na mwiko mkononi. "Nere, tumeweza! Wamenunua, bila kupunguziwa hata senti! Mama weee, ulivyoigiza! Hata wa tamthilia za redio hawakufikii. Ulivyokuwa unaniangalia, mimi mwenyewe nusura niamini!"

Kisha akaketi, akala sahani mbili, akinieleza kwamba chumba chake ameshakiona Caibarién, kule ufukweni, kwa binamu yake, kimoja tu lakini kinamtosha. Nami nikamwongezea maharage.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa mthibitishaji wa mikataba kutia saini ya mauzo. Yule mama aliyekuwa akisoma hati alisoma kwa sauti: Evelio Sarduy, mtalikiwa. Nereida Capote, mtalikiwa. Daimara akainua kichwa, akauliza kama hakuna makosa. Evelio akaangua kicheko, akaungama kila kitu, kabati, jiko la uvunguni, mashati, yote, na akawaomba radhi kwa ule mchezo wa kuigiza. Yunier alicheka mpaka akapiga meza, akasema hajawahi kupigwa chenga tamu namna ile na nyumba haachi. Daimara hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Chini ya meza aliutafuta mkono wangu akaushika, na macho yake yakajaa machozi.

Evelio alikuwa bado anacheka, akanigeukia ili nicheke naye. Nikacheka, dada. Katika miezi yote ile, hapo tu ndipo nilipoigiza.

Sasa nipo kwa Zenaida na mabegi mawili. Nusu yangu inanitosha tiketi, na nitakuja kama ulivyotaka. Nikifika nipokee, unionyeshe pa kulala, unipe kazi yoyote ya mikono. Habari zake usiniulize mpaka nianze mwenyewe.

Msalimie sana shemeji Arsenio, na uwabusu watoto mmoja mmoja kwa niaba yangu. Jitunze mgongo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nereida