Mnazi wa Rehema

Jumanne, Barani

Bi Zuhura amekataa. Nyumba ni yetu lakini ardhi ni yake, na leo alipouona mche wa mnazi uani alikunja uso. "Panda mipapai, mwanangu, hata migomba. Mnazi hapana. Ukishakua, mtasema na ardhi ni yenu."

Nikamwitikia kwa adabu, moyo waniuma.

Mume wangu naye ati mti ni mti, tupande mpapai yaishe. Yaishe! Kitovu changu mama alikizika chini ya mnazi, na mpaka leo naujua mnazi wangu. Mpapai miaka michache tu umeanguka.

Kitovu cha binti yangu Rehema bado kimo kabatini, nimekifunga kitambaani. Mwenyewe ashaanza kutambaa uani, na sina pa kukizika.